Vifaa vya ufundi vya bei poa: kipi ununue, kipi uache? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ni maswali ninayoulizwa zaidi na vijana wanaoanza ufundi, na watu wa majumbani wanaotaka kujirekebishia vitasa, mabomba na viti vyao wenyewe. Muuzaji wa hadwea atakuwekea spana mbili juu ya kaunta, moja ya elfu tatu na nyingine ya elfu kumi na tano, na ukimuuliza tofauti atakwambia zote ziko sawa. Haziko sawa. Ila si kila mara ile ya elfu kumi na tano ndiyo unayoihitaji. Bei ninazozitaja humu ni za kupigia hesabu tu, maana sokoni zinapanda na kushuka.

Nipe jibu la haraka. Nitajuaje kama kifaa cha bei poa kinanifaa?

Kabla hujatoa hela jiulize: kikiharibika katikati ya kazi, nani atalipa?

Kama hasara inaishia kwenye kifaa chenyewe, yaani kimekatika, umekitupa, umechukua kingine, nunua cha bei poa na roho yako itulie. Kama hasara inahamia kwenye mali ya mteja, ongeza hela. Na kama atakayelipa ni jicho lako, kidole chako au mgongo wako, cha bei poa usikiguse hata ukipewa bure.

Swali la pili ni unakitumia mara ngapi, lakini hilo linakuja nyuma. Watu wengi huanza na hilo la pili, ndiyo maana utamkuta mtu ana drili ya gharama inayolala kabatini, huku grinda anayoishika kila siku imefungwa diski isiyojulikana ilikotoka.

Si wahenga walishasema rahisi inavunja upishi?

Walisema. Na walisema pia mchagua jembe si mkulima. Methali zote mbili ni za kweli, kila moja kwa kazi yake, na ukurasa huu wote unajaribu kutenganisha kazi hizo.

Vifaa gani naweza kununua vya bei ya chini bila wasiwasi?

Vingi kuliko watu wanavyodhani. Brashi za gundi na za kupaka dawa ya mbao. Rola ya kupakia praima. Ndoo za zege. Mwiko wa kuchanganyia, siyo ule wa kumalizia ukuta. Klampu ndogo: fundi seremala hana siku atakayosema klampu zake zimetosha, kwa hiyo kumi za bei poa ni bora kuliko mbili za fahari. Brashi ya waya. Timazi, kwa kuwa ni uzito na kamba tu, na mvutano wa ardhi haubadiliki kwa chapa.

Nyundo ya kawaida ya misumari pia inaingia humu, ilimradi kichwa kimekaa imara kwenye mpini. Itikise. Ikicheza hata kidogo, irudishe, kwa kuwa kichwa kinachochomoka hewani kinakwenda kutafuta mtu.

Msumeno wa mkono wa kukatia mbao, wa aina ambayo ncha za meno zimechomwa zikawa nyeusi au za bluu, hata ule wa bei ndogo hukata vizuri ukiwa mpya. Meno yale magumu hayanolewi kwa tupa. Ukiisha umeisha, na bei yake ndiyo inayokuruhusu kuutumia hivyo.

Tepu ya kupimia nayo unaweza kuchukua ya bei poa, ila uijaribu kwanza. Namna ya kuijaribu nimeieleza chini.

Na vipi nisivyopaswa kununua vya bei poa hata kidogo?

Hapa nitakaa kidogo.

Cha kwanza ni diski za grinda. Grinda ndogo ya inchi nne na nusu, yaani milimita 115, huzunguka kama mara 11,000 kwa dakika. Ukipiga hesabu ya mzingo wa diski, ukingo wake unakimbia zaidi ya kilomita 230 kwa saa, sentimita chache kutoka usoni mwako. Diski ya kukatia ni chembe za kusagia zilizogandishwa kwa gundi na wavu wa nyuzi. Gundi ikiwa mbovu au imepata unyevu, diski inapasuka, na vipande vinaondoka kwa mwendo huohuo. Diski ya maana imeandikwa kasi ya mwisho inayoruhusiwa: kwa milimita 115 kwa kawaida ni mizunguko 13,300 kwa dakika. Kwenye kile kipete cha bati cha katikati kuna tarehe ya mwisho ya kutumika, kwa kawaida miaka 3 tangu ilipotengenezwa. Isome. Diski isiyo na kasi, isiyo na tarehe wala jina la aliyeitengeneza, iache hapohapo dukani. Tofauti ya bei kati yake na nzuri mara nyingi haifiki hela ya soda.

Na kwa kuwa nimefika hapa, niliseme hili ambalo linaumiza vijana wetu kila kukicha: usitoe kikinga cha grinda ndogo ili ufunge diski kubwa iliyolika. Diski ya milimita 230 inaruhusiwa mizunguko 6,600 tu kwa dakika. Ukiipeleka kwenye mashine ya 11,000 umeizungusha zaidi ya mara moja na nusu ya uwezo wake, tena bila ngao. Hapo hata diski bora kuliko zote duniani haikusaidii.

Cha pili ni kila kitu kinachosimama kati yako na umeme. Bisibisi na plaizi za fundi umeme zenye insulesheni ya kweli, yaani kinga ya kuzuia umeme, huwa na alama ya pembetatu mbili na maandishi 1000 V, kwa kufuata kiwango cha kimataifa cha IEC 60900. Mpira mwekundu uliovalishwa juu ya mpini wa chuma si insulesheni, ni wa kushikia vizuri tu. Alama hiyo pia inaigizwa, kwa hiyo vya namna hii nunua kwenye duka la vifaa vya umeme linalojulikana, si kwa mtu aliyetandika turubai chini. Na hata ukiwa navyo, zima swichi kuu.

Cha tatu ni jeki na stendi zake. Jeki ya chupa ya bei poa inaweza kuinua gari vizuri asubuhi, kisha sili ya mafuta ikaanza kuvuja taratibu. Gari linashuka bila kelele. Ukishainua, weka stendi au magogo mazito kabla hujaingiza hata mkono. Kama hela haitoshi vyote viwili, nunua jeki ya wastani na stendi imara. Usifanye kinyume chake.

Cha nne ni ngazi. Sina maneno mengi: ipande dukani, ngazi ya tatu au ya nne, jitikise. Riveti zikilia, shuka.

Cha tano ni kioo cha kuchomelea. Nimeona vijana wengi wakichomelea mageti kwa miwani ya jua. Miwani ya jua haizuii mwanga wa tao la umeme, na maumivu ya usiku ule, macho kama yamemwagiwa mchanga, ni dalili ya uso wa jicho ulioungua. Kioo cha namba 10 au 11 kwa kazi za kawaida za mageti na madirisha ni kitu cha bei ndogo mno. Ngao yenyewe iwe hata ile ya plastiki ya mkononi ya bei ya chini kabisa, ilimradi kioo ni cha namba sahihi na hakina ufa. Kwa hiyo hapa anayejali hela na anayejali macho wananunua kitu kilekile.

Vipi ile mita ndogo ya njano ya kupimia umeme (maltimita) ya bei poa?

Inategemea unaichomeka wapi. Kwa kupima betri ya gari, paneli ndogo ya sola, fyuzi, au kujua kama waya umekatika ndani, inatosha kabisa, na ningemshauri kila mwenye nyumba awe nayo.

Kwenye bodi kuu ya umeme, au kwenye mashine ya fezi tatu yenye volti 400, usiipeleke. Isome: mita nyingi za aina hiyo, karibu na tundu la ampea 10, zimeandikwa zenyewe kwamba tundu hilo halina fyuzi. Ukikosea tundu ukapima volti za ukutani, hakuna cha kukata mkondo. Kinachokata ni nyaya za mita kulipuka mkononi mwako. Fundi umeme anayelipwa kwa kazi hiyo atafute mita ya daraja la usalama la CAT III, lile la kupimia umeme wa bodi na nyaya za jengo, yenye fyuzi za kauri ndani badala ya zile za kioo.

Mimi ni fundi wa bodaboda. Spana za bei poa zina tatizo gani hasa?

Mbili: chuma laini na vipimo vilivyolegea. Chukua spana namba 12 mpya ya bei ya chini uivalishe kwenye nati ya 12. Itacheza. Ukikaza, inashika pembe za nati badala ya kushika pande zake. Chuma chake kikiwa laini, mdomo unapanuka kidogo kila siku, mpaka siku inateleza na kula pembe za nati. Sasa nati imekuwa duara. Hapo unaingia kwenye tindo, au unamtafuta mtu wa kuchomelea nati nyingine juu yake, na mteja amekaa kwenye benchi anaangalia saa kwa sababu hesabu ya bosi inamngoja jioni.

Tupige hesabu. Tuseme seti ya bei poa ni shilingi 30,000 na nzuri ni 120,000. Tofauti ni 90,000. Nati moja iliyolika kwenye injini, ukijumlisha muda wako, nati mpya na kuchomelea, inaweza kukupotezea 15,000. Zikitokea nati sita kwa mwaka umeshalipa ile tofauti, na spana bado ni mbovu. Kama bolti ya kumwagia oili imekula nyuzi kwenye chuma cha alumini cha injini, ni moja tu inatosha kumaliza hesabu yote.

Lakini usikimbilie seti nzima. Bodaboda nyingi za mitaani kwetu zinafunguka kwa namba chache: 8, 10, 12, 14, 17, na 19 kwenye ekseli za baadhi ya pikipiki. Nunua hizo nzuri, moja moja. Namba nyingine zote chukua za bei poa, maana utazigusa mara chache. Kwa nati zilizoganda tumia spana ya duara au soketi yenye kona sita. Ile ya kona kumi na mbili inashika pembe tu. Na ile ya kufungua na kufunga mdomo, ambayo mafundi wanaiita spana malaya, iwe ya kusaidia kushikilia upande wa pili, isiwe ya kufungulia bolti ya injini.

Na bisibisi?

Bisibisi ya nyota ndiyo kifaa cha bei poa kinachoharibu vitu vingi kuliko vyote, kwa sababu hakuna anayekishuku. Ncha yake ikilika kidogo tu inaanza kuruka, na kila ikiruka inachimba kichwa cha skrubu. Nunua mbili nzuri, namba 1 na namba 2. Za bapa chukua za bei poa hata tano. Moja itaishia kufungulia makopo ya rangi na nyingine kuchokolea gundi.

Kwenye pikipiki na mashine za Kijapani skrubu nyingi zenye nyota si za umbo lile la kawaida. Ni za kiwango cha Japani, JIS, na bisibisi ya kawaida haifiki chini ya nyota, hivyo inatoka hata ukisukuma kwa nguvu. Fundi wa pikipiki akipata bisibisi moja ya JIS ataacha kulaumu skrubu.

Nimeona drili ya betri imeandikwa 48V, nyingine 88V, kwa bei ya kutupa. Ni kweli?

Hesabu yake unaweza kuipiga mwenyewe. Seli moja ya lithiamu ina volti 3.6 kwa wastani, na 4.2 ikiwa imejaa. Betri yenye seli tano zilizofuatana inatoa volti 18, na 21 ikijaa. Ili ifike 48 zinahitajika seli 13 hivi. Seli moja ya aina inayotumika sana humo ina uzito wa gramu 45 hivi, kwa hiyo hizo 13 peke yake zinapita nusu kilo. Shika hiyo betri. Kama ni nyepesi na inaingia kwenye kiganja, ni ya volti 18 au hata 12, na namba iliyobandikwa ubavuni ni ya kuuzia.

Hiyo haina maana kwamba drili yenyewe ni mbovu. Kwa kufunga bawaba, kutoboa mbao, kukaza skrubu za jipsamu, inaweza kukufaa muda mrefu. Ichukue kwa thamani ya volti 18 na ujadili bei kwa volti 18. Usiiache kwenye chaji usiku kucha. Uliza pia kama betri ya ziada inapatikana, kwa sababu betri ndiyo itakayokufa kwanza. Kama haipatikani, umenunua kitu cha mwaka mmoja.

Biti za drili za rangi ya dhahabu ni bora zaidi?

Rangi ya dhahabu kwenye biti nzuri ni tabaka jembamba la kupunguza msuguano. Kwenye za bei poa mara nyingi ni rangi tu, na chuma cha chini yake kinageuka bluu kwenye tundu la pili. Kwa mbao na tofali, chukua za bei poa. Kwa chuma, badala ya boksi la biti 19 nunua tatu nzuri, milimita 4, 6 na 8, weka tone la oili, punguza mwendo wa drili, na zitakaa.

Nitakijaribuje kifaa nikiwa bado dukani?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, kwa sababu majaribio mengi hayahitaji hela wala ruhusa ya mtu.

Pima maji: ilaze juu ya kaunta, angalia kiputo kimesimama wapi. Igeuze kichwa kwa mkia mahali palepale. Kiputo kinatakiwa kusimama upande uleule wa chumba na umbali uleule. Kaunta ikiwa imeinama si neno. Unachopima ni pima maji, si kaunta. Kiputo kikibadilisha mahali, iweke, chukua nyingine. Nimeona kwenye rafu moja tatu mbovu na ya nne nzuri kabisa, zote chapa moja na bei moja. Kwa hiyo ya bei poa iliyojaribiwa ni bora kuliko ya gharama iliyonunuliwa kwa kuaminiana.

Skwea, ile ya kupimia pembe mraba: iegemeze kwenye ukingo ulionyooka wa ubao au boksi, chora mstari kwa penseli. Igeuze upande wa pili, chora mstari mwingine kuanzia nukta ileile. Mistari ikilaliana, ni sawa. Ikiachana kama mdomo wa mkasi, kosa unaloliona ni mara mbili ya kosa lenyewe, lakini bado ni kosa.

Tepu: ile ndoano ya mbele inacheza kidogo, na watu huidhani mbovu. Inatakiwa icheze kiasi cha unene wake wenyewe, ili ukisukuma ndani ya kona au ukivuta kwenye ukingo kipimo kiwe kilekile. Vuta tepu mbili, zilaze pamoja, angalia kwenye mita moja na kwenye mita tatu. Zikitofautiana, tafuta ya tatu iamue.

Spana: nenda na bolti zako mfukoni. Ndiyo, nenda nazo. Ivalishe, itikise.

Plaizi: ifumbe uitazame dhidi ya mwanga wa mlangoni. Makali ya kukatia yanatakiwa yakutane yote. Ukiona mwanga unapita katikati, haitakata waya mwembamba, itautafuna.

Drili na grinda: shika mhimili uutikise kulia na kushoto. Ukicheza, kuna bushi ya bei poa mahali palipostahili bering, au bering yenyewe imelegea. Omba iwashwe. Sikiliza inavyozima: nzuri inapunguza mwendo taratibu, mbovu inasimama ghafla kwa kukwaruza.

Ekstensheni: angalia ncha ya waya. Shaba iliyopakwa juu ya alumini ni nyekundu nje na nyeupe ndani ukiikwangua. Waya huo unapata joto haraka ukiubebesha grinda kubwa. Na waya wowote, uwe mzuri kiasi gani, ukunjue wote kabla ya kazi nzito. Ukiachwa umezungushwa kwenye gurudumu lake joto halina pa kutokea.

Muuzaji asiyekuruhusu kujaribu amekupa jibu.

Spana imepigwa muhuri wa Chrome Vanadium. Si inatosha?

Maneno hayo ni jina la chuma kilichochanganywa kromiamu na vanadiamu, lakini muhuri unaweza kupigwa juu ya chuma chochote. Njia ya fundi ni tupa: pitisha ncha ya tupa nzuri mahali pasipoonekana. Kwenye chuma kigumu tupa inakwangua kwa shida, kwenye laini inakwangua kirahisi kama kwenye msumari. Dukani hutaruhusiwa, lakini ukishainunua jaribu moja kabla hujarudi kununua seti nzima.

Seti ya soketi ya vipande 46 au 108 kwa bei ya spana tatu, niichukue?

Fungua boksi uhesabu utakavyovitumia. Ile ya vipande 46 kwa kawaida ni ya mraba wa robo inchi, yaani kile kitundu cha soketi kinachoingia kwenye mkono wake. Ni nzuri kwa plastiki za pikipiki, redio, mashine za kushona na viti vya ofisini. Ukiweka bomba kwenye mkono wake ili upate nguvu ya kufungua nati ya ekseli, rachi itapasuka na vidole vyako vitagonga spoku. Kazi hiyo ni ya mraba wa nusu inchi.

Kwa mwenye nyumba, seti ndogo ya namna hii ni ununuzi mzuri sana. Kwa fundi wa gereji, ni sanduku zuri lenye vitu kumi vya kazi na vingine vya kujaza nafasi.

Mtumba wa Ulaya au Japani, au mpya wa bei poa?

Kwa vifaa visivyo na mota, mtumba, bila kusitasita. Jiriwa ya zamani ya Sheffield, randa ya chuma, patasi, spana za seti za Kijapani: kutu ya juu inatoka kwa mafuta ya taa na brashi ya waya, chuma cha ndani kikiwa kama siku kilipotoka kiwandani. Gerezani pale Kariakoo ukienda asubuhi na subira, au Gikomba kwa walioko Nairobi, utapata. Angalia nyufa kwenye kona za ndani na alama za kuchomelea. Kilichowahi kuvunjika kikaungwa, kiache.

Kwa vyenye mota, kuwa mwangalifu. Angalia kaboni za mota, zile zinazolika kwa kutumika, zinapatikana, angalia volti: mashine ya Japani ni ya volti 100 na ya Marekani ni 120, na ukutani kwetu ni 230 au 240. Ukiichomeka bila transfoma utanusa harufu kabla hujaona moshi.

Kati ya cha bei poa chenye jina lisilojulikana na chenye jina kubwa kwa bei ileile ya chini?

Chukua chenye jina lisilojulikana. Grinda yenye jina la Makita au Bosch kwa robo ya bei yake si bahati, ni bandia, na aliyeanza kwa kudanganya jina hatakuwa mkweli kwenye koili. Kile cha jina lisilojulikana walau hakijifanyi kingine. Katikati ya hapo kuna chapa za Kichina kama Ingco na Total zilizoenea Afrika Mashariki yote, zenye maduka na vipuri, na mafundi wengi wanaishi kwa hizo. Nazo zina bandia zake sasa. Ukishuku, mashirika ya viwango, yaani TBS kwa Tanzania, KEBS kwa Kenya na UNBS kwa Uganda, yanapokea taarifa.

Kwa nini ninunue wakati naweza kukodi?

Kama ni mashine ya kuchanganyia zege, vaibreta ya kutikisia zege au kompakta ya kushindilia udongo, kodi. Hata fundi mkubwa wa ujenzi hukodi. Kama ni kifaa kidogo unachokikodi au kuazima kila wiki, umeshajijibu kwamba unakihitaji: nunua cha bei poa kwanza. Hapa ndipo bei poa inapofanya kazi yake vizuri kuliko popote. Kinakufundisha unatumia nini hasa, nguvu kiasi gani, ukubwa gani. Kikifa kwa kutumika sana, unajua ununue kipi kizuri. Kikikaa bila kuguswa, hela nyingi imeokoka.

Nimemaliza chuo cha ufundi cha VETA, nina laki mbili, fani yangu ni useremala. Nigawe vipi?

Ningeweka zaidi ya nusu kwenye vitu vinavyogusa vipimo na makali: skwea, pima maji, patasi mbili, randa ya mtumba na jiwe la kunolea. Jiwe lisisahaulike, maana patasi ya gharama isiyonolewa inashindwa na ya bei poa iliyonolewa leo asubuhi. Msumeno, nyundo, tepu, klampu na bisibisi za bapa, vyote vya bei poa. Bisibisi mbili za nyota nzuri. Miwani ya kukinga macho, ambayo ni bei ya chakula cha mchana. Drili kodi au azima mpaka kazi ya tatu au ya nne iilipie yenyewe.

Kuna namna ya kukiboresha kifaa cha bei poa?

Ipo, na wengi hawaijui. Patasi ya bei poa inakuja na mgongo usionyooka. Usugue kwenye msasa uliobandikwa juu ya kioo cha dirisha mpaka ung'ae karibu na makali, kisha noa. Haitakaa na makali muda mrefu kama nzuri, lakini itakata. Randa mpya ya bei poa, sugua kitako chake kwa njia hiyohiyo. Grinda na drili, fungua boksi la gia: mara nyingi grisi imewekwa kidogo sana. Ongeza iliyo sahihi, funga, na umeipunguzia joto. Plagi nyepesi iliyokuja nayo, ikate, weka ya ampea 13 ya pini tatu yenye fyuzi. Mpini wa nyundo au shoka ukianza kulegea, usigongee msumari. Weka kabari ya mti mgumu uliokauka vizuri.

Usichoweza kuboresha ni chuma laini na koili ya alumini. Hivyo ndivyo vilivyo.

Jembe na panga navyo?

Wazee waliowahi kutumia majembe ya Ubungo Farm Implements na ya Zana za Kilimo Mbeya bado wanayataja. Leo majembe mengi sokoni yanatoka nje, na unene wa bati unatofautiana sana kwa bei zinazokaribiana. Pima unene kwenye shingo, pale panapoingia mpini, kwa kuwa ndipo linapokatikia. Lining'inize uligonge kwa kokoto: linalolia kwa sauti ndefu ni zima, linalotoa sauti fupi iliyokufa huenda lina ufa. Panga likunje kidogo dhidi ya sakafu uliachie. Likirudi limenyooka, chukua. Likibaki limepinda, litapinda pia kwenye gogo la kwanza. Kwa palizi ya bustani ya nyuma ya nyumba, lolote litafanya. Kwa ekari nzima ya mahindi, mgongo wako ndio unaolipa tofauti.

Nikinunua kikaharibika siku ya pili, watanirudishia?

Risiti nyingi zimegongwa muhuri kwamba bidhaa ikishauzwa hairudishwi, lakini usikubali kuishia hapo. Dai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, mwambie muuzaji aandike kwa kalamu jina la kifaa na siku alizokuahidi, na piga picha boksi lake lote ukiwa hapohapo kaunta. Jaribu kifaa kwa kazi nzito siku hiyohiyo, usikiweke mpaka wiki ijayo. Kasoro nyingi za kiwandani huonekana mapema, na muuzaji anakusikiliza zaidi akiwa bado anakukumbuka sura. Akikataa kabisa, kwa Tanzania malalamiko ya mlaji yanapokelewa na Tume ya Ushindani, FCC.

Duka linaloandika ahadi yake kwa mkono bila kununa, hifadhi namba yake ya simu.